Kopo la Nyuki na Watoto wa Tausi

Kila asubuhi, nyumbani kwa Mektilda kule Itetemia, Tabora, kazi ya kwanza ilikuwa kufagia uwanja. Mektilda alifagia, mtoto wake Tunu akiwa mgongoni. Nyuma yake alitembea Tausi, mbwa wao, akikanyaga palepale palipokwisha kufagiliwa.

"Tausi, mimi nafuta, wewe unachora," Mektilda alisema.

Tausi alitikisa mkia. Vumbi likapaa. Tunu akacheka mpaka akapata kwikwi.

Tausi alikuwa mbwa wa aina ile ambayo watu wa mtaani huita mbwa polisi. Masikio yake yalisimama. Mgongo ulikuwa mweusi, na miguu ilikuwa ya rangi ya asali. Baba yake na mama yake walikuwa wa aina hiyohiyo, na babu zake pia. Mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akihama mji alimpa Tobias, mume wa Mektilda, Tausi akiwa bado mdogo wa kubebwa kwenye kikapu. "Huyu ana asili safi," mzee alisema. "Mtunze."

Mektilda alimpenda Tausi kwa sababu moja kubwa. Tobias ni mrina asali. Msimu wa asali ukifika, hukaa porini mwezi mzima, hata zaidi. Siku ambayo uchungu wa kumzaa Tunu ulimshika Mektilda, Tobias alikuwa huko porini, na mama mkwe alikuwa ametoka. Mvua ilinyesha mchana ule. Ilipiga bati kwa nguvu, Mektilda akaita, lakini hakuna aliyesikia.

Tausi alitoka mbio kwenye mvua. Alikwenda mpaka kwa jirani, Gaudensia, akabweka mlangoni. Gaudensia alipomfukuza, Tausi alishika upindo wa kanga yake kwa meno, akavuta. Ndipo Gaudensia alipofuata. Alimkuta Mektilda sakafuni. Akaita bajaji, wakafika hospitali, na Tunu akazaliwa salama.

Tangu siku hiyo Mektilda alisema, "Tausi ni shangazi yake Tunu. Asiyemsalimia Tausi, asinisalimie mimi."

Lakini mtaa mzima haukuona hivyo. Kisa chenyewe kilianza kabla Tunu hajazaliwa.

Tausi alipokuwa na miezi kumi, aliingia kwenye joto kwa mara ya kwanza. Tobias alifurahi. Alimpeleka kijiji cha Choma, kwa rafiki yake aliyekuwa na dume. Dume lile lilikuwa ndugu yake Tausi, tumbo moja.

"Asili safi kwa asili safi," Tobias alisema. "Watoto watakuwa safi mara mbili."

Walizaliwa sita. Watano walikufa kabla ya kumaliza mwezi. Matumbo yao yalivimba, na miguu ilikuwa laini kama kamba. Mmoja tu alibaki. Tobias alimwita Chui.

Chui alilelewa kwa desturi ya ukoo wa Tobias. Mama mzazi wa Tobias, Bibi Apolinaria, alisema desturi hiyo ilianza zamani za misafara, wakati wapagazi walipopita Tabora na mizigo kichwani. Mbwa wa kulinda mizigo alitengwa na mama yake akiwa na wiki tatu. Alifungiwa kwenye giza. Alilishwa nyuki wakavu waliotwangwa na pilipili.

Tobias aliwatunza nyuki hao kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Kopo lilikaa juu ya kabati, karibu na sanamu ya Bikira Maria.

"Mbwa aliyekula nyuki huuma kama nyuki," Tobias alipenda kusema.

Na kweli, Chui aliuma. Siku moja, akiwa na zaidi ya mwaka, alikata kamba. Recheli, binti wa Gaudensia, mwenye miaka sita, alikuwa ameingia uwanjani kuomba chumvi. Chui alimrukia, akamng'ata kwenye shavu la mguu.

Bibi Apolinaria alikimbia na majivu na tumbaku, apake kwenye jeraha. Lakini mwenyekiti wa mtaa, Mzee Eliya, alikuwa amefika, na simu ilikuwa sikioni mwake. Aliongea na afisa mifugo wa kata.

"Anasema majivu hapana!" Mzee Eliya alipaza sauti. "Anasema sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Kisha hospitali, leo hii hii. Anasema kichaa cha mbwa kikishaanza hakina tiba, lakini sindano zikiwahi, hakianzi."

Mektilda alimwagia Recheli maji. Mtoto alilia. Gaudensia alilia. Mektilda naye alilia.

Recheli alichomwa sindano zake zote kwa tarehe zake zote, akapona. Chui alitengwa siku kumi, akaangaliwa. Hakuwa na kichaa. Lakini hakuweza tena kukaa na watu. Hata Tobias hakumsogelea. Watu wa mifugo walimlaza usingizi wa milele. Tobias alichimba kaburi mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, mkutano wa mtaa uliitishwa. Gaudensia alisimama wa kwanza.

"Mimi ni jirani mwema," alisema. "Mama Tunu anajua nilivyomtendea. Lakini mwanangu sasa akisikia mbwa anabweka, anajikojolea. Tausi aondoke. Damu yake ni mbaya."

"Aondoke!" wengi wakaitikia.

Mektilda alisimama, Tunu mgongoni.

"Mama Recheli, nisamehe," alisema. "Chui alikukosea, na sisi tulikukosea. Lakini damu ya Tausi si mbaya. Malezi yetu ndiyo yaliyokuwa mabaya."

"Utajuaje wewe?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Umesoma udaktari?"

"Anasoma masomo ya jioni," mwingine akajibu. "Jana wamefundishwa mbwa!"

Watu walicheka. Mektilda alisubiri kicheko kiishe.

"Kweli, nasoma masomo ya jioni," alisema. "Nimejifunza kitu kimoja. Usipojua, uliza anayejua. Tausi akizaa tena, nitalea watoto wake kwa kufuata maagizo ya afisa mifugo. Kila agizo. Wakiwa na wiki kumi, njooni nyote muwaone. Akiwepo mkali hata mmoja, nitamfunga Tausi kamba mwenyewe nimpeleke kwa shemeji kule Usinge."

Mzee Eliya alikuna kidevu. "Wezi wa mbuzi wamezidi hapa mtaani," alisema. "Mbwa tunawahitaji. Tunaowataka ni wa kutulinda. Wa kutuuma sisi wenyewe, hapana. Haya, mama Tunu. Uzao mmoja. Tukiona kasoro, Tausi anaondoka. Mkutano umefungwa."

Njiani kurudi nyumbani, Tobias alitangulia hatua chache. Kisha aligeuka, akasema, "Mama Tunu, umeniwekea rehani mbwa wangu."

"Nimemwokoa shangazi wa mtoto wako," Mektilda alijibu.

Afisa mifugo aliitwa Kankindi. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye pikipiki na kofia ngumu. Watu wamezoea kusema Bwana Mifugo, kwa hiyo yeye pia walimwita hivyohivyo.

"Bwana Mifugo amefika!" Bibi Apolinaria alitangaza siku Kankindi alipoingia uwanjani.

"Amefika, na gauni lake," Kankindi alisema, akivua kofia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Shikamoo, dada," Mektilda alisema.

"Marahaba, mama Tunu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa. Kuna wajinga wawili wanaotaka kufundishwa," Mektilda alisema, akamwonyesha mume wake na yeye mwenyewe.

Kankindi alicheka sana. Alikaa kwenye kigoda. Aliangalia meno ya Tausi, masikio, na tumbo. Alihesabu umri wake: miaka miwili na ushee.

"Mara ya kwanza alizaa akiwa na umri gani?"

"Mwaka mmoja," Tobias alijibu.

"Mtoto amezaa mtoto," Kankindi alisema. "Jike kama huyu husubiriwa mpaka afike miaka miwili. Joto la kwanza liache lipite. Na dume lilikuwa nani?"

Tobias alitazama ardhi. "Kaka yake."

"Baba Tunu, wewe ni Mnyamwezi. Kwenu mtu anaoa dada yake?"

"Mungu apishe mbali!" Bibi Apolinaria aliruka. "Hata binamu tunauliza kwanza."

"Basi na mbwa tuulize kwanza," Kankindi alisema. "Asili safi maana yake ni aina moja. Siyo tumbo moja. Ukichanganya ndugu, ubovu mdogo uliojificha kwa baba na kwa mama unakutana kwa mtoto. Ndiyo ile miguu laini mliyoiona. Na yale matumbo yaliyovimba ni minyoo. Mama huwapa watoto wake minyoo wakiwa bado tumboni, na kwenye maziwa."

"Nasi tulidhani wamerogwa," Mektilda alisema polepole.

"Mchawi wenu ana urefu wa kidole, na dawa yake inauzwa duka la mifugo."

Kankindi alifungua begi. Alimchanja Tausi chanjo zote, ikiwemo ya kichaa cha mbwa. Alimpa dawa ya minyoo. Akaandika kila kitu kwenye kadi.

"Hii ni kama ya kliniki ya Tunu," Mektilda alisema.

"Ndiyo hiyohiyo," Kankindi alijibu. "Mtoto ni mtoto."

Kadi ile Mektilda aliiweka pamoja na ya Tunu, kwenye mfuko mmoja.

Dume walilitafuta kwa subira. Kankindi alijua moja huko Urambo, kwa Mzee Revocatus. Lilikuwa la aina ileile, lakini la ukoo mwingine kabisa. Lilikuwa na kadi yake, na kuku walipita mbele yake bila wasiwasi. Tobias alikwenda mwenyewe kulitazama. Alirudi akisema, "Nimekaa nalo saa nzima. Liliweka kichwa kwenye goti langu kama mtoto wa ubatizo." Tausi alipoingia tena kwenye joto, walimpeleka.

Mbwa hubeba mimba miezi miwili. Mwezi wa pili ulipoanza, Kankindi alipita tena. Alitazama sahani ya Tausi. Ndani kulikuwa na ukoko wa ugali uliolowekwa maji.

"Mama Tunu," alisema, "ulipojifungua, walikulisha nini?"

"Uji wa ulezi wenye karanga. Supu ya kuku. Maziwa. Mama mkwe alinilisha mpaka nikawa siwezi kuinama."

"Kwa nini?"

"Ili nipate maziwa ya..." Mektilda aligeuka. Aliangalia sahani. Aliona aibu ikimpanda usoni.

"Na Tausi ana matumbo zaidi ya sita ya kushibisha," Kankindi alisema kwa upole.

Tangu siku ile Tausi alipikiwa ugali na dagaa, au utumbo, au mchuzi wa vichwa vya samaki. Mayai alipata mara mbili kwa wiki. Maji safi hayakukauka. Bibi Apolinaria alinung'unika mwanzoni. "Mbwa anakula kuliko mimi." Lakini Mektilda alimkuta siku moja akimpa Tausi kipande cha nyama kutoka kwenye bakuli lake.

"Kimeanguka," bibi alisema haraka.

Tobias alitengeneza kitanda cha mbao, chenye ukingo mfupi pande zote, juu ya sakafu kavu kwenye kona ya stoo. Mektilda alitandika matandiko makuukuu yaliyofuliwa na kuanikwa juani. Tausi aliingia, akazunguka mara tatu, akalala. Alikubali. Kazi hiyo ilipokwisha, Tobias alifunga mizigo yake akaenda porini, kwa maana msimu wa asali ulikuwa umefika.

Watoto wa Tausi walikuja Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa ikilia.

"Unakosa misa kwa ajili ya mbwa?" Bibi Apolinaria aliuliza, amevaa kitenge cha kanisani.

"Mama, njoo uone kwanza."

Bibi alikuja kuona. Hakuondoka. Alikaa kwenye gunia, akihesabu watoto kwa punje za rozari yake. "Wa nne... Wa tano... Asante Mungu, wa sita... Huyu wa saba mbona hatikisiki?"

Wa saba alikuwa mdogo kuliko wote. Hakupumua. Mektilda alikumbuka maneno ya Kankindi. Alifuta ute puani na mdomoni mwa kile kitoto. Alikishika kwenye kitambaa kikavu, akakisugua kifuani na mgongoni, akakisugua tena. Bibi alianza Salamu Maria. Kabla hajafika mwisho, kile kitoto kilipiga chafya.

"Kimefufuka!" bibi alipiga kelele. "Leo ni Pasaka!"

"Mama, Pasaka bado miezi minne."

"Kwa huyu ni leo."

Jina likabaki hilo: Pasaka.

Siku zilizofuata Mektilda alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Alibadilisha matandiko kila siku. Alihakikisha wote wamenyonya, hasa Pasaka. Alimweka kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi. Alipokuwa akimnyonyesha Tunu mlangoni, Tausi alikuwa akinyonyesha ndani, nao walitazamana kama wanawake wawili kwenye foleni ya kliniki.

Watoto walipofika wiki mbili, walipewa dawa ya minyoo, wakarudiwa kila baada ya wiki mbili. Walipofika wiki tatu na nusu, Mektilda alianza kuwapa chakula laini chenye dagaa waliosagwa, huku wakiendelea kunyonya.

Kankindi alimfundisha jambo moja kubwa kuliko yote. "Kati ya wiki tatu na miezi mitatu, moyo wa mtoto wa mbwa uko wazi kama mlango," alisema. "Anachokiona kikiwa chema wakati huo, hakiogopi tena. Mwonyeshe watu. Mwonyeshe watoto, wazee, kuku, sufuria inayoanguka, pikipiki. Lakini ndani ya ua wako, mbwa wageni wasiingie, maana chanjo bado. Na watoto wa watu wanawe mikono kabla na baada, wala wasiwaguse mbwa wanapokula."

Kwa hiyo uwanja wa Mektilda ulijaa. Wanafunzi wenzake wa masomo ya jioni walipita kuwashika watoto wa mbwa. Bibi Apolinaria aliwaimbia wimbo wa kutwanga, na wao walilala miguuni pake.

Hapo ndipo Tobias aliporudi kutoka porini na madumu ya asali. Watoto wa mbwa walikuwa na wiki tano. Alisimama langoni, akatazama. Mmoja alikuwa amelala ndani ya sufuria. Mwingine alikuwa akifukuzwa na kuku.

"Mama Tunu," alisema, "hawa ni mbwa au ni vifaranga?"

"Karibu, baba Tunu. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Mbwa wa ulinzi anafukuzwa na tetea! Mwizi akija, watamwimbia?" Aliingia ndani, akatoka na lile kopo la bati. "Kidogo tu. Punje mbili tatu kila mmoja."

Mektilda alisimama mbele ya watoto wa mbwa. Hakuwahi kumzuia mume wake mbele ya mama mkwe.

"Nikuulize jambo la kazi yako," alisema. "Unapokwenda kurina, unaupiga mzinga mateke?"

"Nina kichaa? Watatoka wote."

"Unafanyaje?"

"Nakwenda taratibu. Moshi kidogo. Mikono isiwe na haraka. Usipige kelele."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyuki..." Tobias alianza, kisha akapunguza sauti. "Nyuki anauma akiogopa. Akidhani nyumba yake inavunjwa."

"Na Chui, siku zote za maisha yake, aliogopa nini?"

Tobias alimtazama Tausi. Mkono ulioshika kopo ulishuka.

"Alikuwa na wiki tatu tukamtoa kwa mama yake," Mektilda alisema. "Giza. Pilipili. Hakujua mtu ni nini ila anayemwumiza. Tulimfundisha hofu, baba Tunu. Recheli alipoingia, Chui alidhani mzinga wake unavunjwa."

Bibi Apolinaria alikohoa. "Mpagazi alilala porini na fisi," alisema polepole. "Hapa jirani yuko hatua kumi. Labda kila zama na mbwa wake."

Tobias alifungua kopo. Alitembea mpaka kwenye shimo la takataka, akamwaga nyuki wote, akalipiga kopo makofi mawili kitakoni. Kisha alirudi, akaketi chini, na Pasaka akapanda kwenye goti lake kana kwamba alikuwa akimngoja.

Wiki ileile mtu alikuja na gari. Alitaka madume mawili papo hapo.

"Bado wiki tatu, kaka," Mektilda alisema. "Kabla ya wiki nane hawatoki kwa mama yao. Hapo ndipo wanapojifunza kutouma sana. Anapomng'ata ndugu yake, naye akalia, anajua amezidisha."

"Nitaongeza bei. Na wakifika, nawafunga mnyororo siku hiyohiyo, wawe wakali."

Mektilda alimtazama Tobias. Tobias alisimama.

"Ndugu yangu," alisema, "hao unaowataka hatuna. Hapa tuna walinzi. Wafungwa hatuna."

Mtu yule aliondoka akicheka. Tobias hakujali. Mektilda alimpikia wali siku hiyo.

Walipofika wiki nane, walichanjwa chanjo ya kwanza, na kila mmoja akapata kadi yake: siku ya kuzaliwa, baba, mama, dawa, na tarehe ya kurudi. Ya kichaa cha mbwa wangepewa wakifika miezi mitatu.

Kisha ikafika siku ya wiki kumi.

Mtaa ulikuja kama ulivyoahidi. Mzee Eliya alikuja na fimbo. Gaudensia alikuja amemshika Recheli mkono. Mtoto alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, na Mektilda aliona vidole vyake vilivyokaza.

Mzee Eliya hakusema salamu nyingi. Alichukua sufuria kubwa, akaiangusha chini kwa makusudi. Paaa!

Watoto saba wa mbwa walishtuka. Wakatazama. Halafu, mmoja baada ya mwingine, walisogea kuinusa ile sufuria. Mmoja aliingia ndani na kukaa.

Watu walicheka, lakini hiki hakikuwa kicheko cha mkutanoni.

Mzee Eliya alimnyanyua mmoja, akamlaza chali mikononi. Alimgusa makucha. Alimshika mkia. Mtoto wa mbwa alipiga miayo. "Huyu ananiona mimi ni kitanda," mzee alisema.

"Bado," Gaudensia alisema. "Mwenyekiti, bado hatujamwuliza aliyeng'atwa."

Mektilda alipiga magoti ardhini, mbali kidogo na Recheli. "Mwanangu, si lazima," alisema. "Ukitaka kukaa hapo kwa mama, kaa. Hakuna atakayekusogelea usipotaka." Alimshika Pasaka kwenye mapaja yake, asiende.

Recheli alichungulia. Alimtazama Pasaka muda mrefu. Pasaka alimtazama yeye, sikio moja limesimama, jingine bado limelala.

"Sikio lake limevunjika?" Recheli aliuliza kwa sauti ndogo.

"Halijakomaa tu. Litasimama."

"Linauma?"

"Hapana. Haliumi, na yeye haumi."

Recheli aliachia sketi. Hatua moja. Hatua mbili. Tausi, aliyekuwa amelala mlangoni, aliinua kichwa, kisha akakilaza tena. Recheli alinyosha kidole kimoja. Pasaka alikinusa, akakilamba, akajilaza juu ya mguu wa Recheli, uleule wenye kovu.

Recheli hakulia. Alichuchumaa. "Mama," alisema, "ana pumzi ya moto."

Gaudensia alishika mdomo kwa upindo wa kanga. Mzee Eliya alijipiga fimbo kwenye kiatu. "Tausi anabaki!" alitangaza. "Na anayesema damu yake ni mbaya, mimi mwenyewe nitamnyima mbwa." Watu walipiga vigelegele. Bibi Apolinaria alipiga kirefu kuliko wote.

Gaudensia alisogea. "Mama Tunu, huyu mdogo unamwuza?"

"Huyu hauzwi," Mektilda alisema. "Huyu anakwenda kwa mwanamke aliyefungua mlango siku ya mvua."

Walikumbatiana. Tobias aliingia ndani, akarudi na kadi ya Pasaka na lile kopo la bati. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Ndani kulikuwa na dagaa waliosagwa na unga. Alimpa Recheli.

"Kopo moja asubuhi, moja mchana, moja jioni," alimwambia. "Akiwa mkubwa nitakuonyesha tena. Na akila, umwache ale."

"Ndiyo, baba Tunu," Recheli alijibu, akilikumbatia kopo.

Wengine wote walipata nyumba, kila mmoja kwa mtu ambaye Mektilda alikwenda kuona ua wake kwanza.

Miezi minane ilipita. Alasiri moja, watu wakiwa mashambani, mtu aliruka ukuta wa Gaudensia kufuata mbuzi. Pasaka, masikio yote mawili yamesimama, alimwendea akibweka kwa sauti nzito ambayo hakuna aliyejua anayo. Hakuuma. Alimsukuma mtu yule mpaka pembeni mwa choo, akasimama mbele yake, akabweka bila kuchoka. Kutoka upande wa pili wa ukuta, mama yake, Tausi, alimwitikia. Mtaa mzima ulikuja mbio, na Mzee Eliya akiwa mbele.

Mwizi alikuwa mzima bila mkwaruzo. Mbuzi walikuwa wote. Recheli alikuja kutoka shuleni, akapita katikati ya watu, akakaa chini kando ya mbwa wake na kumfuta vumbi usoni.

Jioni Mzee Eliya alifika kwa Mektilda. Alizungukazunguka kwa maneno, kisha akasema, "Mama Tunu, hivi... Tausi atazaa tena lini?"

"Si mwaka huu, mwenyekiti," Mektilda alisema. "Mama naye anapumzika. Mwakani, Mungu akipenda. Lakini kwanza nitakuja kuona ua wako."

"Ua wangu? Mimi mwenyekiti?"

"Hata mwenyekiti," alidakia Bibi Apolinaria kutoka jikoni.

Tausi alipiga mkia kwenye uwanja uliofagiliwa. Vumbi likapaa. Tunu, ambaye sasa alikuwa anatembea, aliliendea vumbi hilo kwa mikono miwili, akicheka.